Barabara ni Yetu Sote: Mwenye Baiskeli Tumweke Wapi?

Mada iliyotolewa na idara yetu ya maendeleo ya jamii katika semina ya siku moja iliyowakutanisha viongozi wa vijiji, madereva, waendesha bodaboda, mafundi na waendesha baiskeli wa Masasi na Newala.



Wapo walioshangaa walipoona mada ya leo. Walituuliza, "Hivi habari ya njia za baiskeli si mambo ya Dar es Salaam, au ya Ulaya huko? Sisi tuna shida ya maji, tuna bei ya korosho, ninyi mnatuletea baiskeli!" Swali hilo ni la haki. Tunaomba tulijibu kwa kuanzia hapo hapo, kwenye maji na korosho.

Baiskeli inatufanyia kazi gani

Wote tunafahamu jiografia yetu. Uwanda wa Makonde unapanda taratibu kutoka pwani, kisha unakatika ghafla: upande wa magharibi unatazama tambarare ya Masasi, na upande wa kusini unatazama bonde la Ruvuma. Aliyesimama Newala pale Shimo la Mungu hahitaji kuelezwa zaidi. Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga, mvua inazama, na maji yako chini mno. Ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa tangu miaka ya 1950, na ndiyo sababu mpaka leo bomba likikatika siku mbili, barabara zinajaa baiskeli zenye madumu. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 juu ya keria moja.

Ukifika msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba, baiskeli ile ile inabeba gunia kwenda kwenye ghala la chama cha msingi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika msimu wa 2007/2008, mkulima lazima afikishe korosho zake ghalani ndipo ziende mnadani. Gunia moja la korosho ni kilo 80. Kwa hiyo iwe ni maji, iwe ni korosho, mtu yule anasukuma mzigo unaozidi uzito wake mwenyewe, juu ya chombo chenye matairi mawili membamba.

Tukiongeza mwanafunzi anayekwenda sekondari ya kata, mgonjwa anayepelekwa zahanati akiwa amekaa kwenye keria, mama anayepeleka mihogo sokoni na fundi anayefuata kazi kijiji cha tatu, tutaona kwamba kwa kaya nyingi baiskeli ndiyo lori, ndiyo gari la wagonjwa na ndiyo basi la shule. Tunapojadili usalama wake tunajadili maji, korosho na shule. Hatujatoka nje ya shida zetu.

Lami inabadilisha nini

Kwa miaka mingi kilio chetu kilikuwa kimoja: barabara. Barabara ya kutoka Mtwara kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210. Sehemu ya Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ilitangulia kuwekwa lami. Kwa sehemu iliyobaki, kilomita 160 za Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, mikataba ya ujenzi ilitiwa saini mwaka 2023, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni jambo la kumshukuru Mungu na kuishukuru Serikali. Hakuna hata mmoja kati yetu anayetamani kurudi kwenye vumbi la kiangazi na mchanga unaomeza matairi.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatulisemi. Ubovu wa barabara, pamoja na mateso yake yote, ulikuwa unamlinda mwenye baiskeli. Mashimo na mchanga vilimlazimisha dereva wa lori kwenda polepole. Mtoto mwenye dumu alisikia gari likinguruma kutoka mbali, akapata muda wa kushuka na kusogea pembeni. Lami inaondoa ulinzi huo katika siku moja. Gari linakuja kimya na kwa kasi, na tabia zetu zinabaki zile zile za barabara ya zamani. Tunavuka bila kutazama, tunaanika mihogo pembeni, tunasimama katikati kusalimiana.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 katika sekunde moja. Likiwa kwenye kilomita 80 linapita zaidi ya mita 22 katika sekunde hiyo hiyo. Dereva akimwona mtoto ametokea kwenye uchochoro, sekunde moja inaisha kabla mguu wake haujagusa breki. Mita 22 ni sawa na upana wa nyumba mbili au tatu za pale kijijini. Gari limeshazipita zote, na bado halijaanza kupunguza mwendo.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, linaeleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Vilevile linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na uso wa gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 kwenda kilomita 65 kwa saa. Tofauti ya kilomita 15 tu ndiyo inayoamua kama mtu atarudi nyumbani na bandeji au atarudi kwenye jeneza.

Maoni tunayoyasikia

Katika kuzungumza na watu, kuanzia Mkuti hapa Masasi hadi kule Newala mjini, tumesikia maoni ya aina tatu. Tunaomba tuyapime kwa uungwana, kwa sababu kila moja lina ukweli wake.

Maoni ya kwanza ni ya wale wanaosema, "Mwenye nguvu mpishe." Yaani gari ni kubwa, baiskeli ni ndogo, mdogo ampishe mkubwa, basi. Kama ushauri wa kujiokoa, tunaukubali. Mtu mwenye akili habishani na lori. Lakini kama kanuni ya kugawana barabara, hapana. Barabara imejengwa kwa fedha ya wote, na mkopo wake utalipwa na wote, akiwemo yule mwenye baiskeli ambaye korosho yake inakatwa ushuru kila msimu. Na mtu mwenye kilo 80 kwenye keria hawezi kuruka pembeni kila anapopigiwa honi. Akijaribu, anaanguka. Na akiangukia upande wa kulia, anaangukia barabarani.

Maoni ya pili ni ya baadhi ya wafanyabiashara na madereva wa mjini. Wanasema baiskeli zizuiwe kuingia katikati ya mji, zipite vichochoroni, kwa sababu zinaleta msongamano na waendeshaji hawajui alama. Kweli, wengi wetu hatukufundishwa alama. Lakini tuulizane: soko liko wapi? Benki ziko wapi? Hospitali ya Mkomaindo iko wapi? Mteja mwenye baiskeli akizuiwa kufika dukani, hasara ni ya nani? Na baiskeli iliyoegeshwa inachukua nafasi ndogo sana. Pale linaposimama gari moja dogo zinaenea baiskeli nane hadi kumi. Msongamano wa miji yetu hauletwi na baiskeli. Unaletwa na magari na bodaboda zinazoegeshwa popote, na bidhaa zinazopangwa mpaka barabarani.

Maoni ya tatu ni ya wanaosema tujengewe njia yetu ya peke yetu, kama Ulaya. Hayo ni mazuri, na katikati ya mji tunayaunga mkono. Lakini kwa kilomita 160 tusijidanganye kwamba njia ya pekee itajengwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Tukisubiri hiyo tu, tutakosa hata kile kidogo kinachowezekana sasa.

Wenzetu wamepitia wapi

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa majaribio wa usafiri usio wa magari katika Temeke, Dar es Salaam, na katika mji wa Morogoro, sambamba na Nairobi na Eldoret nchini Kenya. Vivuko viliinuliwa ili magari yapunguze mwendo, na waenda kwa miguu na baiskeli walitengewa nafasi. Funzo kubwa lililobaki ni kwamba vitu vidogo na vya bei nafuu, vikiwekwa mahali panapohusika, vinaokoa watu.

Kisha ukaja mradi wa mabasi ya mwendo kasi Dar es Salaam, ulioanza kutoa huduma Mei 2016. Kandokando ya Barabara ya Morogoro ziliwekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Aliyepita pale ameona kilichotokea. Sehemu nyingi bodaboda ziliingia, meza za biashara zikapangwa, magari yakaegeshwa, na mwenye baiskeli akarudi kule kule kwenye magari. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunasema njia isiyo na mwenyewe huchukuliwa. Kama jamii haijakubaliana kwamba mahali hapa ni pa baiskeli, saruji na rangi havitoshi.

Na Ulaya tunayoitaja nayo haikuzaliwa na njia za baiskeli. Uholanzi, nchi inayosifiwa kuliko zote kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, na kati yao watoto walikuwa zaidi ya 400. Magari yalikuwa yameongezeka haraka, na baiskeli zilikuwa zinasukumwa nje. Wazazi ndio waliosimama na kusema inatosha, watoto wetu wasiuawe. Walikusanyika mitaani, wakawaendea wanasiasa, na kidogo kidogo mipango ya barabara ikabadilika. Hatua ya kwanza kule haikuwa fedha. Ilikuwa wazazi kukataa kuzoea misiba.

Tuombe nini, na kwa nani

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtaro ukishajengwa na lami ikishakauka, kubadilisha ni gharama na ni miaka. Pale ambapo mkandarasi bado yuko kazini, huo ndio wakati wetu. Na pale alipokwisha kuondoka, bado alama, vivuko na matuta vinaweza kuongezwa. Tunapendekeza mambo matano.

1. Mabega ya barabara yawe mapana kiasi cha baiskeli yenye mzigo, yawe na lami, na yasiwe na ngazi. Ukingo wa lami ukiwa juu kwa kiganja kimoja kuliko changarawe, mwenye baiskeli akishuka hawezi kurudi, na akijaribu kurudi anapinduka. Vijijini, bega zuri ndiyo njia yetu ya baiskeli.

2. Mwendo udhibitiwe mahali watu wanapoishi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Alama peke yake hazitoshi, matuta yawepo. Lakini matuta yafike mpaka ukingoni mwa bega. Tuta likiishia kwenye lami ya magari tu, bodaboda na magari madogo hulikwepa kwa kupita begani, palepale alipo mtoto wetu na dumu lake.

3. Sehemu za hatari zitajwe kwa majina, na wanaozitaja wawe wanakijiji wenyewe. Mhandisi anajua udongo na kokoto. Mama anayechota maji ndiye anayejua watoto wanavukia wapi saa kumi na moja alfajiri. Orodha ya kila kijiji iwe na shule, kioski cha maji, zahanati, mnada, ghala la chama cha msingi, nyumba za ibada, na njia panda ambapo baiskeli hutoka mashambani.

4. Malori ya korosho yatengewe mahali pa kusubiri. Kila msimu malori hupanga foleni karibu na maghala, na yakikosa uwanja husimama begani. Mwenye gunia analazimika kuyazunguka kwa kupita katikati ya barabara. Vyama vya msingi na vyama vikuu, TANECU na MAMCU, vina sauti katika hili, kwa sababu korosho inayobebwa na baiskeli ndiyo inayojaza hayo maghala.

5. Mjini, Masasi na Newala, patengwe mahali pa kuegesha baiskeli karibu na soko, benki na hospitali, na pawe na mtaa angalau mmoja wenye nafasi ya baiskeli iliyo wazi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Tuyapeleke wapi? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Halmashauri zetu ndizo zinazosimamia masoko, maegesho na sheria ndogo. Ipo pia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambamo wabunge na wenyeviti wa halmashauri wanakaa. Na mlango wa kwanza uko nyumbani: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila robo mwaka. Jambo likijadiliwa pale, likaandikwa kwenye muhtasari na kupigwa muhuri, linapanda kwa WDC na baraza la madiwani likiwa na uzito. Jambo linaloishia kijiweni halipandi popote.

Wajibu wetu wenyewe

Haki ya kutumia barabara inakuja pamoja na wajibu. Tungekuwa wanafiki kuwasema madereva peke yao.

Mwenye baiskeli apite kushoto, asiende kinyume na magari. Asafiri na breki. Wanaoshuka mteremko wa kutoka uwandani kwenda upande wa Masasi wanajua jinsi mzigo unavyosukuma kwa nyuma. Kukanyagia tairi kwa ndala siyo breki. Mafundi mliopo hapa, mteja akileta baiskeli kuziba pancha, mtazamieni na breki kabla hajaondoka. Dakika tano zenu zina thamani ya uhai. Na kwa kuwa wengi wetu tunaondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, baiskeli iwe na rifleta nyuma au utepe unaong'aa. Anayekosa vyote, avae nguo nyeupe. Mzigo ufungwe usitanuke. Fito za mita mbili zikilazwa kwa upana zinageuza baiskeli kuwa gari bila taa.

Dereva akimpita mwenye baiskeli amwachie nafasi. Ufaransa imeandika katika sheria zake mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria ya namna hiyo ili kutumia busara. Nafasi ikiwa haipo, subiri. Wala honi isipigwe mgongoni mwa mtu mwenye mzigo. Honi ya mbali inatahadharisha, honi ya karibu inaangusha.

Bodaboda ni ndugu wa karibu wa baiskeli. Jina lenyewe lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda. Vijana wetu, mengi tunayoyaombea baiskeli yanawafaa na ninyi, maana nanyi hamna bodi ya chuma ya kuwakinga. Tunaomba bega mliache kwa wasio na injini.

Wazazi na walimu, tusimkabidhi mtoto wa darasa la pili baiskeli ya mtu mzima yenye madumu manne tukamtuma kuvuka barabara kuu. Kama maji lazima yaletwe, aende mkubwa. Shule zifundishe kuvuka na kusoma alama kwa vitendo, nje kwenye uwanja. Na viongozi wa dini, wa misikiti na wa makanisa, mna mimbari na mna waumini. Dini zetu zote zinatufundisha kumjali msafiri na kuondoa kinachodhuru njiani. Neno moja la Ijumaa na neno moja la Jumapili kabla msimu wa korosho haujaanza litawafikia watu ambao semina yetu haitawafikia.

Hitimisho

Ndugu zetu, maendeleo ya barabara huwa tunayapima kwa saa zilizopungua kutoka Masasi hadi Mtwara. Ni kipimo kizuri, lakini tunaomba tuongeze kipimo cha pili: je, mtoto wa Newala anaweza kufuata maji kwa baiskeli na kurudi salama? Je, mzee anaweza kupeleka gunia lake ghalani bila kuandaliwa matanga njiani? Barabara ikijibu ndiyo kwa maswali yote mawili, hiyo ndiyo barabara tuliyokuwa tunaililia.

Kwa hiyo tunapoondoka hapa, kila kijiji kiondoke na kazi moja. Kabla ya mkutano mkuu ujao, viongozi watembee barabara yao kwa miguu, kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho, wakiwa na mama mmoja anayechota maji, mwanafunzi mmoja na mwenye baiskeli mmoja. Waandike kila mahali pa hatari. Orodha hiyo isomwe mkutanoni, ipitishwe, ipelekwe. Sisi tutasaidia kuandaa barua na kufuatilia majibu pamoja nanyi. Katika toleo lijalo tutaeleza ni vijiji vingapi vimeleta orodha na majibu gani yamepatikana.